Karani wa Mizani

Kitabu si changu. Ni cha Tumpe, binti wa dada yangu,
alikisahau kitandani aliporudi bweni Januari,
kona ya ukurasa wa mia na kumi na tatu imekunjwa
kama sikio la mbwa.

Nilikiokota nikikung'uta blanketi.
Nikasema ukurasa mmoja tu, chai ichemke.
Chai ilichemka, ikakauka, sufuria ikaungua,
na mimi bado nimesimama getini kwenye mji wa Hasiri
ambako mfalme anatoza kodi ya vivuli.

Sijui nikueleze vipi.
Kuna msichana wa miaka kumi na sita, Zumeya,
anawashonea vivuli watu waliokatwa vyao usiku.
Sindano ni mwiba. Uzi ni nywele za bibi yake.
Upuuzi, najua.
Nina miaka arobaini na tisa, nina presha, nina mkopo wa kikoba,
na Jumamosi hii zamu ya kufagia kanisa ni yangu.

Lakini hapa Tukuyu mvua ikishika Machi
hukaa kama mkwe asiyejua kuaga.
Wiki mbili, tatu, jua halichungulii,
Mlima Rungwe wote umemezwa,
tunapishana migombani na miavuli yetu
na hakuna hata mmoja mwenye kivuli.
Nani kavichukua?
Sikuwahi kuuliza.

Kituoni nakipachika ndani ya leja.
Wachumaji wanatua vikapu, majani ya chai yanachuruzika,
napima, natoa kilo ya maji, naandika:
Anyambilile, kumi na nane na nusu.
Zumeya yuko juu ya ukuta, walinzi wanakuja.
Atuganile, tisa.
Shuka, mtoto, shuka upande wa kisimani!
Atuganile ananitazama. "Nishuke wapi, dada?"

Nsajigwa wa ghalani alinifuma, akacheka mpaka kofia ikadondoka.
"Mama mzima! Hivyo si vya wanafunzi?"
Nikamwambia ni mwongozo mpya wa ushirika.
Akaondoka kwa adabu.

Njiani nikajiuliza nilidanganya kwa nini.
Yeye na wenzake wamesusiana mwezi mzima kwa sababu ya penalti,
na hakuna aliyewaambia mpira ni wa watoto.

Nilipokuwa na umri wa Zumeya
vitabu vilikuwa vya mtihani, vilinuka chaki na fimbo.
Hakuna aliyeniambia unaweza kusoma kitu
ambacho hakitaulizwa.

Usiku umeme ukikatika naendelea kwa tochi ya simu,
nimejifunika gubigubi, miguu kwenye soksi za marehemu.
Na hapa, nadhani, ndipo mimi na Tumpe tutaachana:
yeye atamfuata Zumeya mbio, paa hadi paa.
Mimi nimebaki nyuma, jikoni, na mama yake.

Mwandishi kampa mistari miwili.
Wa kwanza, anakanda unga, binti anatoroka.
Wa pili, kurasa mia tatu mbele, anafungua mlango.
Haikuandikwa alilala vipi katikati.
Haikuandikwa ule unga aliupika, au aliumwagia kuku.
Aliupika. Alipika wa watu wawili,
akala kidogo, akafunika uliobaki kwa sahani.
Hilo halihitaji kuandikwa, lakini nililia
mpaka tochi ikaanza kufifia.

Jumapili Tumpe akapiga, kwa simu ya matroni.
"Mama mdogo, umekiona kitabu changu?"
"Kipo."
"Usiniambie nani anakufa."
"Mimi? Sijakigusa."
Kimya. Kisha: "Umefika wapi?"
Nikatazama mlangoni kama mwizi.
"Nimemaliza."
Alipiga kelele hadi matroni akauliza kuna msiba gani.

"Haya niambie upesi," nikasema, "kuna cha pili?"
"Viko vinne, mama mdogo."

Vinne.
Basi mvua na inyeshe.